Nilisema tufyeke mafunjo, nikakosea

Na mhudumu wa afya wa kujitolea, Base Camp, Nakivale

Kabla sijawaeleza niliyoyaona Kampala, kuna jambo langu mwenyewe ninalotaka kulirekebisha hadharani, kwa sababu nililisema hadharani.

Majirani zangu wanakumbuka. Mwaka juzi, wakati wa mvua, malaria ilipotukamata sana, nilipita nyumba kwa nyumba na daftari langu. Nikawaambia watu walale ndani ya chandarua, wafukie madimbwi, wamwahishe mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya. Hayo yote ni sahihi, na leo ninayarudia. Lakini niliongeza neno ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilisema: "Na yale mafunjo kule ziwani tuyafyeke, maana ndiyo nyumba ya mbu." Vijana wakanisikia. Walishuka na mapanga, wakafyeka kipande kikubwa, na baada ya wiki chache watu wakapanda nyanya na mahindi pale pale. Nilijiona nimefanya kazi kubwa. Mimi ndiye niliyewapa maji ya kunywa siku ile.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nilimsindikiza mama mmoja mgonjwa hadi Kampala. Matibabu yake yalichukua siku nyingi kuliko tulivyofikiri, nami nikakaa kwa mama mdogo wangu Namuwongo. Wanaopajua Namuwongo wanajua: nyumba zimebanana, reli ya kwenda Port Bell inapita katikati ya watu, na kando yake unapita mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo unatoka katikati ya mji. Unapita karibu na soko la Owino na kwenye viwanda, na unabeba kila kitu: maji ya mvua, maji ya vyoo, mafuta ya gereji, chupa na kavera. Mvua ikinyesha usiku, watu wa mabondeni hawalali. Wanakaa juu ya kitanda na watoto na radio, wakisubiri maji yapungue.

Jumamosi ya kwanza mama mdogo aliniamsha saa kumi na mbili. Akanipa buti za mpira za mume wake na glavu, akasema twende kazini. Nikauliza kazi gani. Akacheka, akasema: "Salongo, mwanangu. Umesahau salongo?"

Wazee wetu wa Kongo wanalikumbuka neno hilo tangu enzi za Mobutu, ile kazi ya pamoja ya kufagia na kuzibua mitaro. Ndugu zetu wa Rwanda wanasema umuganda. Waganda nao wana neno lao la zamani, bulungi bwansi, yaani uzuri wa nchi. Tofauti ni kwamba ile ya Namuwongo haina askari wala faini. Watu walikuwa kama ishirini: Waganda, Waacholi, Wakongo wachache, vijana wa bodaboda, na mwanamke anayeuza rolex, zile chapati za mayai, aliyeacha sigiri yake kwa binti yake hadi saa tatu. Kikundi chao hakina ofisi. Wana reki, fyekeo, magunia matupu na daftari moja la shule.

Kazi yenyewe si ya kufurahisha. Tulisimama ukingoni na reki ndefu, tukavuta takataka kutoka mahali mfereji unapoingia kwenye kinamasi. Kiongozi wao, fundi wa kushona viatu, ana sheria moja ambayo haina msamaha: hakuna kuingia majini, hata kama umeona kitu kizuri kinaelea. Mimi kama mtu wa afya nilifurahi kusikia hivyo. Maji ya namna hii yanaweza kukupa kichocho kupitia ngozi, maana konokono wanaobeba wadudu wa kichocho wanapenda maji ya polepole yenye majani, na mtu anayeingia humo akiwa na kidonda mguuni anajitafutia taabu nyingine. Kazi ilipoisha kila mtu alinawa kwa sabuni kutoka kwenye jerikani yenye bomba. Mtoto mmoja alijaribu kuruka foleni ya rolex bila kunawa, akarudishwa.

Halafu tukatembea mbele kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Kinamasi kinaanza ghafla. Nyuma yako kuna mabati, moshi na muziki. Mbele yako kuna ukuta wa kijani unaomzidi mtu kimo, wenye vichwa kama nywele za mzee. Ndiyo mafunjo yetu, yale yale ya Nakivale. Yanatoka hapo hadi ghuba ya Murchison, kwenye Ziwa Viktoria. Na upande wa pili wa ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo Shirika la Taifa la Maji linapochota maji, linayasafisha na kuyapeleka mabombani. Kwa kifupi, maji machafu ya Kampala yanaingia kwenye ghuba ambayo Kampala inakunywa. Katikati yao kuna mafunjo tu.

Mafunjo yanafanya nini? Mizizi yake inafumana na kutengeneza kama mkeka mnene unaoelea juu ya maji. Maji machafu yakifika pale yanapunguza mwendo na kusambaa. Uchafu unazama au unanaswa na mizizi. Vijidudu vingi vya magonjwa vinakufa kabla ya kufika ziwani. Ile mbolea iliyomo kwenye maji ya vyoo inanyonywa na mimea na kugeuka majani. Watafiti wa Makerere, akiwemo Profesa Frank Kansiime, walipima kazi hiyo pale pale Nakivubo katika miaka ya 1990 na kuonyesha kwamba kinamasi kinasafisha maji kweli, na kwamba mafunjo yanafanya hivyo vizuri kuliko aina nyingine ya majani iliyopo pale. Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walihesabu kazi ya kinamasi hicho kwa pesa, wakapata kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Mfanyakazi huyo halipwi mshahara na hajawahi kugoma.

Lakini anaweza kuumizwa. Watu wakikata mafunjo na kuchimba mitaro ili walime, maji hayasambai tena. Yanakimbia ndani ya mtaro moja kwa moja hadi ziwani, na kila kilichomo kinakwenda nayo. Kwa miaka mingi shirika la maji limelalamika kwamba maji ya ghuba yanazidi kuchafuka, na dawa za kuyasafisha zinagharimu zaidi. Na wanaochota maji ya chemchemi mabondeni wanakunywa kilichopo. Wakazi wa zamani wa Namuwongo bado wanazungumzia kipindupindu cha mwaka 1997 na 1998, wakati wa zile mvua kubwa za El Niño.

Nikamwuliza fundi viatu swali ambalo lilinisumbua tangu asubuhi. Je, mbu?

Hakunijibu kwa maneno. Alinipeleka mahali ambapo mtu alikuwa amefyeka na kulima, akaniambia nichuchumae. Kwenye alama za miguu, katikati ya matuta, kulikuwa na vidimbwi vidogo vya maji ya vuguvugu vilivyopigwa na jua. Humo viluwiluwi vya mbu walikuwa wanacheza. Kisha akanionyesha chini ya mafunjo mazima: giza, baridi, maji yenye samaki wadogo na vyura. Huko sikuona viluwiluwi. Sisemi hawapo kabisa.

Niliporudi nilimwuliza mganga wetu wa kituo, naye akanieleza vizuri. Mbu mkubwa wa malaria hapa kwetu anapenda kutaga kwenye maji madogo, ya muda, yanayopata jua. Kivuli kizito cha mafunjo hakimfai sana. Kuna utafiti uliofanyika Kabale, huku huku kusini-magharibi mwa Uganda, ukachapishwa mwaka 2000. Walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa. Kwenye vilivyolimwa joto lilikuwa juu zaidi, na dalili za malaria nazo zilielekea kuwa juu zaidi. Mganga alinitazama, akauliza: "Wewe ndiye uliyewaambia wafyeke?" Nikakubali.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu asiseme kwamba nimewaambia mbu hawakai kinamasini. Chandarua kila usiku, hata kiangazi. Madimbwi ya karibu na nyumba, makopo, matairi, alama za kwato za ng'ombe, hayo tuyaondoe. Ninachorekebisha ni lile neno la kufyeka mafunjo ya ziwani.

Saa ya ndege

Sasa nije kwenye jambo lililonishangaza kuliko yote. Kazi ilipoisha sikuona mtu akikimbilia nyumbani. Walikaa juu ya magunia, kila mmoja na rolex yake, wakatazama kinamasi. Yule mwenye daftari akaanza kuandika. Nikadhani anaandika mahudhurio. Kumbe anaandika ndege.

Wana majina yao wenyewe. Kaloli kila mtu anamjua, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, anayesimama juu ya takataka za Kampala kama mzee wa kanisa asiyefurahishwa na kwaya. Yangeyange weupe huwa wengi. Kuna ndege wa rangi ya udongo mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga kiota kikubwa cha vijiti kama kikapu cha kubebea kuku, na Waacholi na Wakongo walibishana pale kuhusu bahati mbaya anayoileta. Kuna mdogo mwenye vidole virefu mno, anayetembea juu ya majani yanayoelea bila kuzama. Fundi viatu aliniambia kwamba kwa ndege huyo dume ndiye anayelea watoto, na wanawake wa kikundi wakapiga vigelegele, wakataka dume huyo aletwe Namuwongo akafundishe.

Nami nilikuwa na hamu ya kumwona mmoja tu. Anaishi ndani ya mafunjo, na mafunjo yakiondoka naye anaondoka. Ana kifua chekundu kama kitenge kipya, mgongo mweusi na utosi wa manjano. Jumamosi mbili nilimsikia bila kumwona. Ya tatu alitokea kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili hivi, juu ya shina lililopinda, kisha akarudi ndani. Nilipiga kelele kama mtoto. Wakaniandika kwenye daftari: tarehe, saa, na "dada wa Nakivale amemwona".

Kuhesabu ndege si mchezo wa Namuwongo peke yake. Shirika la NatureUganda, ambalo mizizi yake inafika kwenye chama cha maumbile cha Afrika Mashariki kilichoanzishwa mwaka 1909, hupanga hesabu ya ndege wa majini kila mwezi wa kwanza na wa saba, na watu wa kujitolea hushiriki. Moja ya sehemu wanazohesabu ni ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe. Kuanzia mwezi wa kumi hivi, ndege wadogo weupe wanaofanana na shakwe hutoka Ulaya ya mashariki na Asia kukimbia baridi, wakatua Lutembe kwa mamia ya maelfu. Huwezi kuhesabu mmoja mmoja. Unahesabu mia kwa uangalifu, unashika ukubwa wa ile mia kwa macho, kisha unapima kundi zima: mia ngapi, elfu ngapi. Ni hesabu ile ile tunayotumia kukadiria watu siku ya mgao wa chakula.

Lutembe ni jina la mamba wa hadithi, ambaye watu wa zamani walimwita kwa jina akatoka majini kula samaki mkononi. (Angalizo kwa Waswahili: kwa Kiganda "mmamba" si mnyama huyu wetu wa kutisha, ni yule samaki kamongo. Mimi nilikataa chakula cha watu kwa kosa hilo.) Waganda wa ukoo wa Mmamba hawamli samaki huyo kabisa, na ukoo wa Ng'aali hawamgusi korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda, ambaye naye hutaga kinamasini. Upande wa Mabamba, ng'ambo ya Entebbe, kuna ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao. Zamani wavuvi waliamini kwamba ukikutana naye hutapata samaki, wakamwua. Leo baadhi ya watu wa hapo hapo wanawapeleka wageni kwa mtumbwi kumtazama, na ada za shule zinatoka humo.

Bibi wa magimbi

Nisiwadanganye kwamba wote wanapatana. Ukingoni mwa kinamasi kuna bibi mmoja, wanamwita Jjajja, anayelima magimbi, Waganda wanasema mayuni. Shamba lake liko mahali ambapo kikundi kinataka kurudisha mafunjo. Jumamosi ya pili mabishano yalipanda. Kijana mmoja alimwambia kwamba sheria inakataza. Ni kweli. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema vinamasi vinashikwa na serikali kwa ajili ya wananchi wote, na kuna kanuni za mwaka 2000 juu ya vinamasi na kingo za maziwa. Bibi akajibu kwamba sheria haijawahi kumpikia wajukuu chakula cha jioni.

Nilinyamaza, maana sisi wakimbizi tunajua uchungu wa kuambiwa ondoka. Mwezi wa sita mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu waliojenga katika kinamasi cha Lubigi, upande mwingine wa Kampala. Wengine walisema walinunua viwanja vyao kwa pesa halali. Walilala nje na vyombo vyao. Tena, mwezi wa tatu mwaka 2025 mafuriko yaliua watu Kampala, kwa sababu maji yanayokosa kinamasi yanaingia nyumbani. Haya yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mimi sina dawa yake. Ila naona kwamba wakubwa wanaojaza udongo kwa malori hawaamshwi asubuhi kama anavyoamshwa bibi mwenye jembe.

Walichofanya pale ni hiki. Mwenyekiti wa LC1 aliitwa, wakakaa chini ya mwembe, wakapima kwa hatua. Bibi akaacha sehemu ya chini inayoshika maji, kikundi kikamlimia kipande cha juu na kumbebea mbegu. Mtaro aliokuwa amechimba ukazibwa kwa magunia ya udongo. Tukapanda vipande vya mizizi ya mafunjo kwenye tope, kila kimoja kikiwa na shina, umbali wa hatua moja. Bibi alisimama akatuangalia, akasema tunapanda kama watu wasiojua kupanda. Akachukua vipande, akatuonyesha. Wakakubaliana pia kwamba wafuma mikeka wanaweza kukata mafunjo yaliyokomaa, mradi wasing'oe mizizi, ili yachipue tena.

Nilipoondoka mwezi wa pili, machipukizi yalikuwa yamefika magotini. Mama niliyemsindikiza amerudi salama, anawasalimu.

Huku kwetu

Watu wengi hawajui kwamba mwaka 2006 serikali ya Uganda iliandikisha vinamasi kadhaa katika orodha ya dunia ya mkataba wa Ramsar, mwaka mmoja baada ya mkutano mkubwa wa mkataba huo kufanyika Kampala, wa kwanza katika Afrika. Lutembe na Mabamba zimo. Na kinamasi kingine cha orodha hiyo kinaitwa Mburo-Nakivali. Nakivali hiyo ndiyo Nakivale hii tunayokaa. Ziwa letu, ambalo maji yake yanasafishwa na kuja kwenye bomba unalopanga foleni na jerikani, liko katika orodha moja na yale wanayoyasafiria watu kutoka Ulaya.

Wiki iliyopita nilishuka kuona kile kipande tulichokifyeka. Nyanya hazikufaulu, maji yalipanda yakazioza. Udongo umeteremka ziwani, na pale ufukweni pana tope jekundu ambalo kina mama wanalikanyaga wakichota. Vidimbwi vya kwato viko kila mahali. Nilichuchumaa kama nilivyofundishwa. Nilichokiona humo sikukipenda.

Nimezungumza na wenye mashamba pale, watano kati yao. Watatu wamekubali kuacha ukingo, mmoja anataka kwanza aonyeshwe mahali pengine, na mmoja amenikumbusha, kwa haki kabisa, kwamba ni mimi niliyewaambia wafyeke. Tumempelekea mwenyekiti wa kijiji ombi la kipande cha juu.

Jumamosi hii saa moja asubuhi tutakutana kwenye bomba la chini, kabla jua halijakali. Anayekuja alete jembe, na buti kama anazo. Asiye na buti atafanya kazi ya juu, wala hataingia majini. Sabuni ipo. Baada ya kazi tutakaa kidogo. Daftari nimenunua, kurasa mia moja, na ukurasa wa kwanza bado ni mweupe.